Maneno ya Onyo na Jicho la Mtazamaji: Maoni Kuhusu Filamu ya Scarface (1932)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maoni ya watazamaji wa aina mbalimbali kuhusu Scarface, filamu ya ujambazi iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1932. Filamu hii ilitiwa maneno ya onyo ili mtazamaji asije akampenda jambazi. Hoja yetu ni kwamba maneno hayo hayakuyaunganisha maoni ya watazamaji, na kwamba kushindwa huko kunaweza kuelezwa kwa misingi ya isimu. Onyo na kisa ni matendo mawili tofauti ya usemi, na la kwanza halina uwezo wa kulifuta la pili.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuliza swali moja waifikiapo kazi yoyote: je, mtunzi ametoa ujumbe gani? Swali hilo lina uzito wake, lakini pia lina kasoro. Linachukulia kwamba ujumbe ni mali ya mtunzi, na kwamba kazi ya hadhira ni kuupokea tu, kama mtu apokeavyo barua iliyokwisha kufungwa. Wananadharia ya upokezi, wakiwemo Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, wametukumbusha kwamba hadhira huijia kazi ya sanaa ikiwa na matarajio yake, na kwamba maana hukamilika katika kukutana kwa kazi na mpokeaji. Jambo hili ni jepesi kulikubali kinadharia. Kulithibitisha ni vigumu zaidi, kwa kuwa aghalabu hatuna ushahidi wa jinsi mtunzi alivyojaribu kuiongoza hadhira na jinsi hadhira ilivyompokea.

Scarface inatupatia ushahidi huo. Wenye mamlaka walihofu kwamba watazamaji wangeielewa vibaya, wakataka maneno yaongezwe. Kwa hiyo tunaweza kutenga kile kisa kilivyosema na kile watazamaji walivyoagizwa wakisikie, kisha tukaangalia waliona nini.

2.0 Filamu na Mazingira Yake

Filamu hii iliongozwa na Howard Hawks na kutayarishwa na Howard Hughes. Chimbuko lake ni riwaya ya Armitage Trail iliyotoka mwaka 1930, na hadithi ya filamu ilitungwa na Ben Hecht, ambaye aliwahi kuwa mwandishi wa habari mjini Chicago. Kisa chake kinamhusu Tony Camonte (Paul Muni), kijana anayeanza kama mtumishi wa wakubwa wa genge la pombe haramu. Anawaua wakubwa wake, anashika uongozi, kisha anamwua Guino Rinaldo (George Raft), rafiki yake mpenzi, baada ya kumkuta na dada yake Cesca asijue kwamba wawili hao wamekwisha kuoana. Mwishowe Tony mwenyewe anauawa kwa risasi za polisi.

Watazamaji wa mwaka 1932 hawakuhitaji kuelezwa habari hizi zilitoka wapi. Pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini Marekani tangu 1920, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1933. Al Capone wa Chicago, ambaye jina lake la utani ndilo jina la filamu, alipatikana na hatia ya kukwepa kodi mwezi Oktoba 1931 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 11. Filamu inaigiza hata mauaji ya watu 7 yaliyotokea mjini Chicago tarehe 14 Februari 1929.

Sheria nayo ilikuwa na msimamo wake. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba maonyesho ya sinema ni biashara tu, na hayamo katika uhuru wa kusema uliohifadhiwa na katiba. Uamuzi huo ulitenguliwa mwaka 1952. Kwa msomaji mwanaisimu, hili ni jambo la kustaajabisha: kwa muda wa miaka 37 filamu, hata baada ya kupata sauti, haikuhesabiwa kisheria kuwa ni usemi. Ndiyo maana bodi za ukaguzi za majimbo ziliweza kukata na kukataa filamu zilivyotaka. Mwaka 1930 wenye kampuni za filamu, kupitia ofisi iliyoongozwa na Will Hays, walijitungia kanuni zao za maadili. Miongoni mwa misingi yake ni kwamba huruma ya watazamaji isielekezwe kamwe upande wa uhalifu. Tuzingatie kwamba msingi huo hauzungumzii tu kinachoonyeshwa kwenye pazia la sinema. Unazungumzia moyo wa mtu aliyeketi gizani.

3.0 Maneno Yaliyoongezwa

Ili kuulinda moyo huo, filamu ilitiwa maneno katika sehemu kuu nne.

Kwanza ni jina. Pamoja na Scarface, palitiwa jina dogo lenye kuutangaza ujambazi kuwa ni aibu ya taifa. Pili ni utangulizi wa maandishi unaosema kwamba filamu ni mashtaka dhidi ya utawala wa magenge na dhidi ya uzembe wa serikali. Utangulizi huo unaishia kwa kumgeukia mtazamaji na kumwuliza yeye atafanya nini. Matumizi ya nafsi ya pili hapa ni ya makusudi: mtazamaji anaondolewa katika nafasi ya shahidi na kuwekwa katika nafasi ya mhusika.

Tatu ni onyesho katika ofisi ya mchapishaji wa gazeti. Wanajumuiya wanamlalamikia kwamba anawatangaza majambazi. Naye anajibu kwa hotuba ndefu, akidai kwamba raia ndio wenye wajibu wa kutaka sheria kali. Tony hayumo katika onyesho hilo, wala tukio lolote la kisa halilitegemei. Nne ni mwisho wa pili uliotengenezwa ili kuwaridhisha wakaguzi. Katika mwisho huo Tony hauawi barabarani. Anashtakiwa, anasomewa hukumu na kunyongwa. Muni hakushiriki katika kuupiga, kwa hiyo hatuuoni uso wa Tony wala hatumsikii akijibu. Mtu aliyesema kuliko wote katika filamu nzima ananyamazishwa, na nafasi yake inachukuliwa na sauti ya hakimu.

4.0 Maoni ya Watazamaji

Je, maneno hayo yalizaa maoni ya namna moja? La.

Watazamaji wa kwanza walikuwa wakaguzi wenyewe, na hata wao hawakuafikiana. Wakaguzi wa New York waliikataa filamu hapo mwanzo, na Hughes akapambana nao hadharani. Mwishowe majimbo tofauti yalionyeshwa matoleo tofauti. Wahakiki nao walikuwa na jicho lao. Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Filamu iliiweka Scarface katika orodha ya filamu bora za Marekani za mwaka 1932. Wale waliotazama sanaa waliona sanaa: kivuli cha muuaji anayepiga mluzi kabla ya kufyatua risasi, na alama ya msalaba wa mshazari inayojitokeza kila penye kifo.

Wamarekani wenye asili ya Italia walikuwa na malalamiko mengine. Katika onyesho la ofisini kuna mhusika Mwitaliano anayekiri kwamba majambazi wanawaletea aibu watu wake. Sentensi hiyo ilikusudiwa kuwatenga watu wema na wahalifu. Lakini kukiri aibu kwa niaba ya kabila zima ni kukubali kwanza kwamba aibu hiyo ni ya kabila. Isitoshe, masikio ya watazamaji yalikuwa yamekwisha kupokea dai hilo kwa njia ya lafudhi. Muni, ambaye alizaliwa Lemberg katika Austria-Hungaria na kulelewa katika maigizo ya Kiyidi, alimpa Tony Kiingereza chenye kuongezwa irabu baada ya konsonanti za mwisho. Msemaji wa Kiswahili anaifahamu vyema kanuni hiyo ya kifonolojia, kwani nasi huifuata tunapotohoa maneno ya kigeni. Katika lugha yetu kanuni hiyo haina lawama. Katika filamu imegeuzwa kuwa kitambulisho cha mhalifu, na hakuna utangulizi unaoweza kulisahihisha jambo linalosikika katika kila sentensi.

Kuhusu vijana, tunao utafiti wa wakati ule. Mwaka 1933 mwanasosholojia Herbert Blumer alichapisha uchunguzi uliotumia maelezo ambayo watazamaji wenyewe, wengi wao vijana, waliyaandika kuhusu maisha yao na sinema. Mwaka huohuo, yeye na Philip Hauser walitoa kazi nyingine iliyohusu sinema na uhalifu wa vijana. Utafiti huo haukuihusu Scarface peke yake, lakini matokeo yake yanatufaa: filamu za aina moja ziliwavuta baadhi ya vijana na kuwatisha wengine, kutegemea mazingira waliyotoka.

Wa mwisho ni watazamaji wa baadaye. Mwaka 1948 mhakiki Robert Warshow alieleza kwamba jambazi wa sinema ni shujaa wa tanzia: mtazamaji hufurahia kupanda kwake na hupata faraja katika kuanguka kwake, kwa kuwa jamii inayomtaka kila mtu afanikiwe humtia hofu kila mtu. Hughes aliiondoa filamu katika maonyesho kwa miaka mingi, na baada ya kifo chake mwaka 1976, ilirudishwa kwa umma mwaka 1979. Hata hivyo mwaka 1963 Jean-Luc Godard aliiweka mbele ya filamu zote za sauti za Marekani. Brian De Palma alipoitengeneza upya mwaka 1983, jambazi wake mpya, Tony Montana, naye alikufa kwa risasi. Lakini wanamuziki wengi wa rap na vijana wengi walimchukua kuwa nembo ya mafanikio.

5.0 Kwa Nini Onyo Halikutosha

John Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alitofautisha tendo la kutamka, tendo la kukusudia na tendo la kuathiri. Msemaji ana mamlaka juu ya mawili ya kwanza. La tatu hukamilikia kwa msikilizaji. Utangulizi wa Scarface hauna utata katika kutamka wala katika kukusudia: ni mashtaka. Lakini kushtaki si sawa na kumfanya msikilizaji achukie. Kosa la wakaguzi lilikuwa kudhani kwamba kusudio likitajwa waziwazi, athari hufuata yenyewe.

Zaidi ya hayo, maneno ya onyo yalilazimika kushindana na usemi wa Tony mwenyewe. Mchapishaji wa gazeti anadai sheria kwa hotuba ndefu. Tony naye ana sheria yake, tena anaiita hivyo: kuwahi kutenda, kutenda mwenyewe, na kuendelea kutenda. Ni vishazi vitatu vifupi vyenye kitenzi kimoja kinachorudiwa, vikiambatana na ishara ya mkono. Huo ni muundo wa methali. Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa ameikariri sheria ya Tony. Hotuba ya mchapishaji imekwisha kumtoka. Kwa hakika, kiimbo, ufupi, takriri na ucheshi ni nguvu za lugha ambazo wakaguzi hawakuzipima, kwa sababu walikuwa wakipima maudhui peke yake.

Hali hii si ngeni kwetu. Msimulizi wa ngano za Sungura anaweza kufunga ngano yake kwa funzo kwamba udanganyifu ni mbaya, na watoto wakaliitikia funzo hilo. Lakini kicheko chao kilikuwa upande wa Sungura tangu mwanzo.

6.0 Mtazamaji Aliyemo Ndani ya Filamu

Ushahidi mzito kuliko wote umo ndani ya filamu yenyewe. Tony anakwenda kutazama tamthilia ya Rain, inayomhusu Sadie, mwanamke anayevutwa huku na mhubiri anayetaka kumwokoa na huku na askari anayempenda. Kabla ya mchezo kwisha, Tony anaondoka kwenda kumwua hasimu wake, na anamwacha mmoja wa watu wake autazame mwisho ili amsimulie. Baadaye anauliza Sadie alimchagua nani. Akijibiwa kwamba ni askari, anafurahi na kumsifu mwanamke huyo kwa akili zake.

Huyu ni mtazamaji, na hayo ni maoni yake. Hakuona mwisho kwa macho yake, alisimuliwa. Alilopokea ni lile lililolingana na maisha yake: kwamba mtu huchagua anachokitaka. Hatuwezi kudai kwamba watengenezaji waliliweka onyesho hilo ili kuwajibu wakaguzi. Lakini linawajibu. Kama jambazi anaweza kutoka katika tamthilia yenye mhubiri bila kuchukua hata neno moja la mahubiri, basi mtazamaji wa jambazi naye anaweza kutoka hivyohivyo.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba maoni kuhusu Scarface yalitawanyika licha ya juhudi za kuyaelekeza. Hatusemi kwamba kila maana ni sawa na nyingine, wala kwamba filamu hazina madhara. Malalamiko ya Waitaliano kuhusu lafudhi yanathibitisha kinyume chake. Tunachosema ni kwamba athari hukaa katika umbo zima la usemi, na haiwezi kuondolewa kwa kubandika usemi mwingine juu yake. Anayetaka kujua filamu, riwaya au ngano inawafundisha nini watu hana budi kuwauliza watu hao, na kuwa tayari kupokea majibu ambayo dibaji haikuyatarajia. Walimu wa fasihi tunaowatahini wanafunzi wetu kwa swali la ujumbe wa mwandishi, pengine nasi tumekuwa tukiwasomea utangulizi na kuwasahihisha kwa kuona kisa.