Ngome Fupi za Ugogo

Katikati ya jiji la Bologna, Italia, ungali umesimama mnara wa Asinelli, uliojengwa karne ya 12, urefu wake mita 97. Koo tajiri za huko zilijihami kwa kwenda juu. Wagogo wa uwanda wa kati wa Tanzania walijihami kwa kubaki chini, ndani ya tembe.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa. Safu za vyumba huzunguka ua, na ng'ombe hulala humo katikati. Aliyekuja kuiba mifugo alikutana kwanza na ukuta, kisha na wenye kaya. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliziona tembe za Ugogo mwaka 1857, enzi ambazo uvamizi wa Wamasai na Wahehe ulikuwa tishio la kweli. Wairaqw wa Mbulu walizidi hapo: walichimba nyumba ndani ya mteremko, paa likalingana na ardhi, adui asiione kwa mbali.

Moto nao ulihofiwa. Paa la nyasi huteketea kwa kinga kimoja tu. Udongo hauwaki, na fito zilizofukiwa chini yake hazipati hewa ya kutosha kushika moto.

Ila udongo ni mzito. Tabaka la sentimita 20 hufikia kilo 300 hivi kwa kila mita ya mraba, nalo likinywa maji huzidi. Boriti ndefu ingepinda na kukatika, ndiyo maana vyumba vya tembe ni vyembamba na nguzo zake zimekaribiana. Wengine huona ufinyu. Mimi naona fundi aliyejua nguvu ya mti wake.

Hali ya hewa nayo ilimsaidia. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka. Kwa mvua za Bukoba, paa kama hilo lingegeuka tope. Udongo mnene pia hunyonya joto polepole mchana na kuliachia usiku wa baridi. Bati hupitisha joto la jua mara moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wengi wa Ugogo walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 ikaamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Zege na bati vikatawala. Natamani wanafunzi wa usanifu majengo waende vijijini wakapime tembe zilizobaki: unene wa paa, nafasi kati ya nguzo, aina ya miti, na namna paa linavyokandikwa upya baada ya masika, wakati wazee waliozijenga bado wapo wa kuulizwa.