Benki za Kiislamu na benki za kawaida wakati wa msukosuko wa uchumi

Benki ya kawaida hukopesha fedha na kutoza riba. Benki ya Kiislamu hairuhusiwi kutoza riba, hivyo hupata faida kwa kununua na kuuza mali, kuikodisha, au kuingia ubia na mteja. Nchini Kenya, First Community Bank na Gulf African Bank zilianza kutoa huduma hizo mwaka 2008; Tanzania ikapata Amana Bank mwaka 2011. Uchumi ukiwa mzuri, tofauti ya mifumo hii miwili haionekani sana. Hujitokeza uchumi unapoyumba, kwa sababu hapo ndipo hujulikana nani atabeba hasara.

Tuseme mchuuzi wa machungwa wa Maramba, wilayani Mkinga, Tanzania, anataka pikipiki ya Sh3,000,000. Kwa utaratibu wa murabaha, benki ya Kiislamu huinunua kwanza, kisha humuuzia kwa Sh3,600,000, naye hulipa Sh300,000 kwa mwezi kwa miezi 12. Bei ikishakubaliwa haipandi. Soko la machungwa likianguka akachelewesha marejesho, deni hubaki lilelile. Faini, kama ipo, hupelekwa kwenye sadaka. Kwa mkopo wa kawaida, riba huendelea kuhesabiwa, na muda ukiongezwa, jumla ya kulipa nayo huongezeka.

Kwa mwenye akiba mambo ni kinyume. Benki ya kawaida humwahidi riba maalumu. Katika mudharaba, utaratibu wa akiba wa benki ya Kiislamu, hakuna ahadi hiyo: mwenye akiba hugawana faida na benki, na hasara isiyotokana na uzembe wa benki huangukia mtaji wake. Kwa hiyo benki hupumua nyakati ngumu, lakini mwenye akiba hushiriki machungu.

Msukosuko wa mwaka 2008 ulianzia kwenye mikopo ya nyumba Marekani, iliyouzwa na kuuzwa tena kama hati za uwekezaji, hadi benki ya Lehman Brothers ikafilisika Septemba 15. Biashara ya madeni ya namna hiyo imekatazwa na sharia ya Kiislamu, kwa hiyo benki za Kiislamu ziliepuka pigo la kwanza. Hata hivyo, utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mwaka 2009 faida yao ilishuka zaidi kuliko ya benki za kawaida, kwa kuwa baadhi yao zilikuwa na udhaifu katika kudhibiti hatari. Huko Dubai bei za majengo ziliporomoka, na sukuk (hati fungani ya Kiislamu) ya kampuni ya majengo ya Nakheel ikalipwa Desemba 2009 baada ya emirati jirani ya Abu Dhabi kutoa msaada. Kabla ya hapo, mwaka 2001, taasisi ya fedha ya Kiislamu ya Ihlas Finans ya Uturuki ilifungwa katikati ya msukosuko wa nchi hiyo.

Kukosekana kwa riba humlinda mkopaji dhidi ya deni linalokua, na huizuia benki kufanya biashara ya madeni. Hakuilindi benki iliyorundika fedha zake kwenye sekta moja au kukopesha bila kupima uwezo wa mteja. Hapo mifumo yote miwili huhitaji kitu kimoja: usimamizi makini.