Moto Hauongezi Bei ya Shaba

Transfoma ya amplifaya kuukuu, ya stabilaiza iliyoungua au ya mashine ya kuchomelea huwa na shaba nyekundu iliyozungushwa kwenye bonge la mabati membamba ya chuma. Shaba ndiyo yenye bei, na mafundi wengi huitoa kwa moto: bonge linatupwa juu ya matairi au kuni, vanishi na plastiki zinaungua, waya unavutwa majivuni. Madhara ya moshi huo kwa afya yameelezwa mara nyingi na hayajamzuia mtu, kwa sababu mchomaji anaamini moto unamlipa. Hesabu ya mizani inaonyesha kinyume.

Soko la kimataifa la skrepa lina madaraja ya shaba. Daraja la kwanza linataka waya usio na mipako, usio mwembamba kuliko takriban milimita 1.3, na linaukataa waya uliochomwa hadi ukawa wa kukatika ovyo. Waya wa transfoma umepakwa vanishi, na mara nyingi ni mwembamba kuliko kipimo hicho. Uchomwe usichomwe, mwingi wake utaishia daraja la pili, linaloridhika na shaba ya asilimia 94 hadi 96. Vanishi yenyewe si tatizo la muuzaji. Kiwanda huiunguza ndani ya tanuri. Moto wa wazi, kinyume chake, unakula mali. Shaba ikipata joto kali hewani hufanya ganda jeusi linalobanduka na kubaki majivuni, na nyuzi nyembamba ndizo zinazopotea zaidi. Tena, si kila koili ni ya shaba. Transfoma nyingi za maikrowevu zimezungushiwa alumini yenye vanishi ya rangi ya shaba, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 wakati shaba husubiri 1,085. Moto ukishaiyeyusha alumini juu ya shaba, mnunuzi anakadiria mchanganyiko huo kwa bei anayotaka yeye.

Njia baridi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, ila wengi huanzia pabaya, kwa kung'oa mabati moja moja. Mabati hayo yalitengwa makusudi ili kuzuia mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma na kukipasha joto bure, kisha yakagandishwa kwa vanishi au kuchomelewa, hayataki kuachana. Yaache. Kata kwa msumeno vichwa vya koili upande mmoja, sawasawa na uso wa chuma, kisha geuza bonge na usukume shaba itoke upande wa pili kwa tindo na nyundo. Kabla ya kukata, kwaruza waya kwa kisu: alumini itang'aa nyeupe. Ni kweli kwamba njia hii inakula muda, na kwa transfoma ndogo za chaja muda huo haulipi. Hizo ziuzwe nzima kwa kilo. Bonge la mashine ya kuchomelea ni habari nyingine.

Mtetezi wa moto anaweza kusema vanishi ya waya haina klorini, hivyo moshi wake si ule wa sumu kali unaosemwa. Ana nusu ya hoja. Lakini nyaya zinazotoka kwenye koili huvikwa PVC, plastiki ambayo kabla ya kuchanganywa na vitu vingine zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na moshi wake unapopoa hadi kati ya nyuzi joto 200 na 400 hivi hutengeneza dioksini, shaba yenyewe ikiwa kichocheo. Hata nyaya hizo zikikatwa kwanza, vanishi ya poliurethani ikiungua hutoa sianidi ya hidrojeni.

Transfoma za nguzoni ni jambo la peke yake. (Iliyoibwa ikiwa kazini haistahili hata kujadiliwa: shaba yake ni sehemu ndogo tu ya thamani ya mtambo.) Zile zilizostaafu kihalali huwa zimejaa mafuta, na za zamani zinaweza kuwa na PCB, kemikali ambayo Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB. Japani ilijifunza kwa uchungu mwaka 1968, PCB ya mtambo wa kiwanda ilipovujia mafuta ya kula ya pumba za mpunga na watu zaidi ya elfu moja wakaugua. PCB iliyopashwa joto huzaa sumu kali kuliko yenyewe. Baadhi ya mafundi hupima kwa maji, kwa kuwa PCB tupu huzama na mafuta ya madini huelea. Kipimo hicho kinabaini PCB tupu, basi. Mkataba unaanza kuyahesabu mafuta kuwa na PCB kuanzia miligramu 50 kwa kilo, na mafuta yenye kiasi hicho huelea kama mengine yoyote. Maabara ndiyo inayoweza kuyatofautisha, na hadi majibu yatoke, pipa linakaa limefungwa na shaba yake ndani.