Fahamu: Jinsi mabaki ya matunda yanavyozalisha umeme

Mwaka 1911, mtaalamu wa mimea M. C. Potter wa Uingereza alionyesha kuwa hamira na bakteria huzalisha umeme zinapovunja sukari, na huo ndio msingi wa seli za fueli za vijidudu, yaani vifaa vinavyotumia vijidudu kuzalisha umeme. Maganda ya ndizi au maembe yaliyosagwa hutiwa katika chumba cha seli hiyo kisicho na oksijeni, ambamo baadhi ya bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, na wengine, kama Geobacter, huila asidi hiyo na kuachia elektroni, yaani chembe zenye chaji hasi, ambazo hupokelewa na kipande cha kaboni kiitwacho anodi na kupita kwenye waya hadi upande wenye oksijeni. Seli moja hutoa chini ya volti 1, na teknolojia hii bado haiwezi kuangaza mji, lakini taka za sokoni zinastahili kuthaminiwa kama rasilimali.