Mafuta Yanayoulalia Moyo

Tazama moyo wa ng'ombe unaoning'inia buchani Nyangoto, Tarime. Sehemu ya juu, na kando ya mishipa inayoulisha, umefunikwa na mafuta meupe. Wa binadamu nao uko hivyo, hata wa mtu mwembamba. Mafuta hayo hukadiriwa kuwa sehemu moja ya tano ya uzito wake.

Yana kazi. Huilinda mishipa hiyo isibanwe pale misuli inapojikunja, na huupa moyo nishati, kwa kuwa moyo hupenda kuunguza mafuta kuliko sukari. Hakuna utando wowote unaoyatenga na msuli. Vyote viwili hunywa damu ya mishipa ileile. Ujirani huo ndio unaogeuka balaa. Mtu akinenepa kupita kiasi, hasa tumboni, au akipata kisukari, mafuta ya moyo nayo huongezeka na kuanza kumwaga kemikali za uvimbe moja kwa moja kwenye msuli. Msuli huingiwa na makovu, ukakakamaa. Mfuko unaouzunguka moyo nao hautanuki upesi, hivyo nafasi huwa finyu. Moyo wa namna hii unaweza kusukuma damu vizuri tu. Tatizo ni kwamba haulegei vya kutosha kuipokea. Damu hurudi nyuma kwenye mapafu, mgonjwa akahema akipanda kilima kidogo, miguu ikavimba.

Watu wa Tarime, ambako mahari hulipwa kwa ng'ombe, wasikimbilie kuilaumu nyama. Mwaka 1964 daktari wa Marekani, George Mann, alichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai walioishi kwa maziwa na nyama: maradhi ya moyo yalikuwa machache mno. Mafuta ya sahanini hayaendi kujibandika moyoni. Kinachohesabika ni ziada ya chakula chote, ugali na soda vikiwemo, kwa mwili usiotoka jasho.

Tena si kila moyo unaoshindwa umeelemewa na mafuta. Dk. Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 427 wenye moyo unaoshindwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, matokeo yakatoka 2014. Shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa asilimia 45, magonjwa ya msuli wa moyo asilimia 28. Kwa wenye msuli uliotanuka na kudhoofu, mafuta hayo mara nyingi hupungua. Kwa maoni yangu, kuyasaka kabla ya kupima presha ni kuruka hatua.

Kuyaona si kazi ngumu: eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, huyaonesha mbele ya chemba ya kulia, yakapimwa kwa milimita. Kuyapunguza huanza na uzito. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa ya kupunguza uzito, semaglutide, kwa watu 529 wenye unene na moyo usiolegea. Baada ya mwaka, waliopewa dawa walikuwa wamepungua asilimia 13 ya uzito, na katika dakika sita walitembea mita 21.5 zaidi ya mwanzo. Waliopewa dawa bandia waliongeza karibu mita moja.