Bujumbura hadi Dar kwa gari: panga kwa saa za mwanga

Anayetaka kuendesha gari lake kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam huuliza kwanza ni kilomita ngapi. Kupitia Kobero ni kama 1,600, lakini namba hiyo haimfai sana. Safari hii hupangwa kwa saa za mwanga, maana giza likiingia barabarani hubaki malori yaliyokwama bila taa, ng'ombe na baiskeli.

Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, ukapanda Bugarama polepole kwa sababu ya ukungu na vijana wa baiskeli wanaoning'inia nyuma ya malori, utafika Kobero kama saa tano. Upande wa Kabanga ni saa sita tayari. Uhamiaji na forodha za nchi zote mbili hufanya kazi kwa pamoja pale, ila gari la binafsi linahitaji kibali cha kuingia kwa muda, na foleni hula saa mbili upesi. Ngara giza huingia karibu saa moja jioni kwa saa za Tanzania. Ukivuka baada ya saa tisa, lala Ngara. Ukiwahi, jitahidi ufike Nyakanazi, lakini usikipangie kipande cha Rusumo hadi Lusahunga mwendo wa lami mpya: malori yamekiumiza miaka mingi. Usiku wa pili lala Singida, wa tatu Morogoro, uingie Dar asubuhi. Kumbuka kwamba kadiri unavyokwenda mashariki jua huzama mapema zaidi. Dar hutangulia Ngara kwa nusu saa hivi.

Kobero pia ndipo unapohama upande wa barabara. Anayetoka Paris kwenda London naye hubadili saa na upande, lakini katikati ana bahari ya kumwamsha. Sisi tuna mita chache tu. Siku ya kwanza utakuwa macho. Hatari ni kesho yake alfajiri, unapotoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu: mazoea yatakupeleka kulia. Magari mengi ya Bujumbura yana usukani kulia, nayo Tanzania yako nyumbani. Kama wako uko kushoto, usilibane lori kwenye mlima Sekenke, kati ya Igunga na Singida. Baki nyuma kabisa mpaka uone barabara yote mbele yake, na usimwachie abiria kazi ya kukwambia pita.

Karatasi ziandae wiki moja kabla. Carte rose iwe kwa jina lako, la sivyo upate idhini ya mwenye gari iliyothibitishwa na notari. Bima ni Kadi ya Manjano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini inaendelea kuitambua. Beba cheti cha homa ya manjano na pasipoti. Kadi ya CEPGL ni ya Rwanda na Kongo tu, Kabanga haitakuvusha.

Esansi au mazutu yakutoshe kufika Kabanga bila kutegemea kituo chochote njiani, kisha ujaze tangi Tanzania. Mwisho ni vijiji: kibao cha 50 kikitokea, teremsha mwendo hapohapo na usiongeze mpaka uone kibao cha kuondoa. Polisi wa rada hukaa kati ya vibao hivyo viwili, na watoto wa shule huvuka papo hapo.