Je, Wajua? Tamasha la Shule Japani na Mwalimu Aliyetoka Mbali

Je, wajua kwamba katika shule nyingi za sekondari za Japani kuna siku darasa la hisabati hugeuzwa nyumba ya mizimu? Madirisha huzibwa kwa maboksi na plastiki nyeusi, madawati hupangwa yakawa ujia wa giza, na mtoto aliyesinzia juzi kwenye kipindi cha Kiingereza ndiye anayekurukia leo, uso umepakwa unga, damu ya bandia ikimchuruzika kidevuni. Hilo ndilo bunkasai, yaani tamasha la utamaduni, ambalo shule nyingi hulifanya msimu wa majani kupukutika. Hata Novemba 3 ni sikukuu ya taifa zima, Siku ya Utamaduni, tangu 1948.

Anayeshangaa kuliko wote ni mwalimu mgeni. Wengi wao hufika kupitia mpango wa JET, ulioanza 1987 kwa watu 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand, na ambao siku hizi huchukua vijana hata wa Afrika Kusini na Jamaica. Kazi yao ni kumsaidia mwalimu Mjapani kusomesha Kiingereza. Mgeni huyu huja asubuhi na kadi zake za msamiati mkononi, akakuta vipindi vimefutwa na korido imejaa mbao, rangi na gundi. Akiuliza afanye nini, hupewa utepe ashike ncha moja.

Wanaoamuru ni wanafunzi. Darasa hupiga kura: mkahawa, mchezo wa kuigiza au hiyo nyumba ya mizimu? Kamati ya wanafunzi hugawa bajeti, hupanga ratiba ya jukwaa, huchora mabango. Kila darasa huchapisha fulana zake, na mara nyingine picha ya mwalimu wa darasa huwekwa kifuani, tena si lazima iwe ile aliyopendeza. Katika shule ya sekondari ya Kunitachi, Tokyo, madarasa yote ya mwaka wa mwisho huandaa michezo ya kuigiza, na watu wa nje hupanga foleni kuwania viti.

Je, wajua kwamba katika shule nyingi mwanafunzi hagusi chakula cha tamasha mpaka choo chake kipimwe maabara? Kabla ya kukaanga tambi za yakisoba au kugeuza takoyaki, madonge ya unga yenye kipande cha pweza ndani (watu wa pwani hapo mtameza mate), ni lazima ijulikane kwamba hana vijidudu vya kuharisha. Vyakula vibichi kwa kawaida hupigwa marufuku. Fedha taslimu nazo mara nyingi hazipokelewi: mgeni hununua kuponi mlangoni, kisha hulipa kwa hizo.

Vyama vya wanafunzi navyo hupata siku yao. Wa chama cha chai huketi juu ya mikeka wakimhudumia mgeni kwa utulivu wa ajabu, huku katika ukumbi wa pili bendi ya tarumbeta ikitikisa kuta. Wanaonivutia zaidi ni wale wa sanaa ya mwandiko: hutandaza karatasi kubwa sakafuni, wakashika brashi zenye ukubwa wa ufagio, wakaandika kwa kufuata muziki, wino ukiruka hadi kwenye nguo.

Ndugu wa bunkasai ni undokai, siku ya michezo, na hapa mwalimu mgeni ana sababu ya kujidai. Je, wajua kwamba siku hii inayoonekana ya Kijapani kabisa ilipandwa na wageni? Mwaka 1874, wakufunzi Waingereza wa chuo cha jeshi la majini pale Tsukiji, Tokyo, waliandaa mashindano ya wanafunzi wao. Wajapani waliyapa majina ya kishairi: mbio moja iliitwa makinda ya shomoro yakitoka kiotani, nyingine kinda la mbayuwayu likijifunza kuruka. Mwaka uliofuata akafika Mwingereza mwingine, Frederick William Strange, kufundisha Kiingereza. Alichapisha kitabu cha michezo ya uwanjani, na 1883 akasaidia kuandaa mashindano makubwa ya riadha kwa wanafunzi wa chuo kikuu jijini. Lakini kugawa wanafunzi katika timu nyekundu na nyeupe ni desturi ya wenyeji: hutajwa kuwa inatokana na bendera za koo za Taira na Minamoto zilizopigana kati ya 1180 na 1185.

Si yote ya kusifiwa. Kwenye undokai, piramidi za watoto waliopandana migongoni zilijeruhi wengi, na 2016 serikali ikazitaka shule ziache zoezi lolote ambalo usalama wake haukuweza kuhakikishwa. Kwa maoni yangu ilichelewa.

Turudi kwenye bunkasai. Tamasha likiisha, wanafunzi wenyewe huvunja vibanda, hufagia na kurudisha madawati. Baadhi ya shule huwasha moto uwanjani na watu wakacheza ngoma wakiuzunguka. Kisha hufanyika kikao cha kujitathmini: nini kilikwama, nani alizidiwa na kazi. Haya yote yamo katika mtaala wa taifa, chini ya shughuli maalumu ziitwazo tokkatsu, pamoja na usafi wa kila siku na mikutano ya darasa. Misri iliupenda utaratibu huo, ikakubaliana na Japani 2016, na 2018 ikafungua shule 35 zinazoufuata.

Ukialikwa kwenye bunkasai, beba ndara safi za kuvaa ndani na mfuko wa kutilia viatu vyako. Katika shule nyingi za Kijapani viatu vya nje havivuki mlango.